Habari za Jirani Yako

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Chumba nilichopewa nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na dirisha linatazama jiko la hospitali, kwa hiyo nitakuwa najua wagonjwa wamepikiwa nini kabla wenyewe hawajajua.

Mwambie Mama safari hii namaliza. Najua hapendi kukumbushwa mara ile nilipokatiza mafunzo haya Baba alipougua, lakini hapa hawajasahau. Msimamizi wetu alinitambulisha kwa wenzangu hivi: "Huyu alianza, akaondoka." Nikatabasamu kama mjinga. Kanuni ni ileile, anayekatiza anaanza upya. Mwezi wa Septemba tunaingia mbele ya bodi, wanakuhoji mpaka jasho likutoke, na ukipita unapata cheti cha mhudumu wa kiroho wa hospitali. Hapo unaajiriwa wodini kama muuguzi anavyoajiriwa, huingii tena kwa hisani ya mlinzi wa getini.

Nilidhani kazi yenyewe naijua. Jana niliingia wodi ya wanaume na maneno yangu tayari mdomoni. Mzee mmoja, dereva wa malori, akaniambia, "Nina hofu." Nikamjibu, "Usiogope mzee wangu, utapona tu." Akageukia ukutani. Sasa desturi ya hapa ni kwamba mazungumzo na mgonjwa unayaandika neno kwa neno, halafu unayasoma mbele ya kundi zima. Nilipomaliza kusoma, msimamizi akaniuliza, "Amekwambia ana hofu, wewe umemwambia asiwe nayo. Kwa hiyo amebaki anaongea na nani?" Nilitamani sakafu inimeze.

Ndiyo hivyo. Mimi niliyepewa jina la Kasuku kabla sijaota meno yote, nimekuja kusomea kunyamaza. Msomee Mama barua hii kwa sauti kubwa, maana tangu masikio yake yagome, simu kwake ni kelele tu.

Mdogo wako,
Kasuku


17 Februari

Mwanangu Kasuku,

Dada yako amenisomea barua yako kwa sauti mpaka mteja aliyekuja kupimwa gauni akaketi kusikiliza. Nimemwambia mimi ni kiziwi, siko ng'ambo ya mto. Tumecheka sana. Wewe kunyamaza! Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupa pipi nipate kushona pindo moja kwa utulivu, na ulikuwa unaongea na pipi ikiwa mdomoni.

Sisi wazima. Cherehani nimemwachia dada yako kwa muda, macho yamechoka kufuata uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Mgongo unauma kidogo, lakini fundi ambaye mgongo haumuumi ujue alikuwa anapiga soga.

Nataka kitu kimoja tu kutoka kwako: maliza. Uliacha masomo kwa ajili ya baba yako, ukakaa kando ya kitanda chake, akafa vilevile. Sikukulaumu na silaumu leo. Lakini miaka ile ilikupita, na mimi niliiona ikikupita. Nataka nikipima kiuno cha mtu hapa nimwambie, mwanangu ana cheti, akifika wodini mlango unafunguliwa.

Kula vizuri. Usilale na soksi mbichi.

Mama yako


2 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka.

Mama si mgongo unaomsumbua. Ana uvimbe tumboni na umeshasambaa. Daktari amesema hawatapasua, kwamba watamtuliza maumivu tu, na kwamba mwaka huu hatauvuka. Alitwambia tukiwa wote wawili mbele yake. Mama alikunja mkoba wake magotini, akamshukuru, akamwambia koti lake limeshonwa vibaya begani. Kweli lilikuwa limeshonwa vibaya.

Tukiwa njiani akaniuliza, "Kasuku anamaliza lini?" Nikasema Septemba. "Basi asijue mpaka Septemba." Nikaanza kubisha, akanishika mkono na kuniapisha pale pale kituoni, watu wanatutazama. Anasema mtoto huyu alishaacha masomo mara moja kwa ajili ya mtu anayekufa, hataacha mara ya pili. Mama mdogo, mimi ni mtoto wa kwanza na sijawahi kumshinda dada yako kwa lolote.

Ndugu yangu akinisikia sauti atanijua, kwa hiyo nimemwambia mtandao huku ni wa shida, tuandikiane tu. Nadanganya kama niliyesomea. Naomba na wewe umfichie.

Mwanao


20 Machi

Mdogo wangu,

Sisi tuko salama, Mama anakusalimu. Wiki hii anapumzika.

Nina swali la kazi yako. Kuna jirani yetu hapa nyumba ya pili, mama mtu mzima, alihamia wewe ukiwa umeshaondoka. Anaumwa na hatapona. Binti yake ndiye anayemuuguza, na kila siku anakuja kulia kwangu. Juzi mgonjwa kamuuliza, "Hivi mimi nitapona?" Binti akakimbilia nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mtu akiulizwa hivyo anajibu nini? Ninyi mmefundishwaje?

Jibu upesi, binti mwenyewe hana nguvu.

Dada yako


3 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umenifurahisha. Mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu ananiuliza swali na kusubiri jibu.

Asimwambie atapona. Mgonjwa anajua, anachouliza ni kama kuna mtu wa kujua pamoja naye. Amrudishie swali taratibu: "Wewe mama unaonaje?" Kisha afunge mdomo. Hapo ndipo pagumu. Mimi huwa nakaza vidole vya miguu ndani ya viatu ili nisiseme kitu.

Halafu amuulize anaogopa nini hasa. Asidhani anajua. Yule dereva wa malori, nilirudi kwake nikamuuliza, na unajua alikuwa anaogopa nini? Kwamba wakwe zake watamwona akibadilishwa nguo. Kufa hakukutaja kabisa. Tukaongea na wauguzi, wakaweka pazia, na akalala.

Mwambie huyo binti asikimbie tena. Nguo mbichi zitamsubiri.

Kasuku


25 Aprili

Mdogo wangu,

Binti alifanya kama ulivyosema. Alikaa chini kando ya kitanda akauliza, "Mama, unaogopa nini?" Akanyamaza, vidole vya miguu vimekazwa. Mgonjwa akasema anaogopa kuchanwa nywele na mtu asiyejua kuchana. Wakacheka mpaka wakalia, au walianza kulia wakaishia kucheka, hata binti hajui. Sasa anamchana kila asubuhi, na wakati huo ndipo wanapoongea mambo yote. Ahsante sana. Hujui umefanya nini.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalomnyima usingizi. Mgonjwa ana mtoto wa kiume, yuko mbali kikazi. Mgonjwa amekataa kabisa kijana asiambiwe. Binti ameapishwa, lakini moyo wake unamwambia amwite ndugu yake kabla muda haujapita. Anaona huyo kijana hatamsamehe. Ungekuwa wewe, ungemshauri nini? Fikiri vizuri kabla ya kujibu. Nitafanya, yaani nitamwambia afanye, vile utakavyosema.

Dada yako


12 Mei

Dada,

Swali lako limekuja kama vile ulikuwa umekaa nyuma ya darasa letu. Wiki hii tumesoma hilo hilo. Niliwasomea wenzangu, bila kutaja mtu wala mahali, na tukabishana asubuhi nzima.

Jibu langu ni hili. Asimwambie. Siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa. Huyo mama ameshanyang'anywa nguvu, kazi, chakula, hata kwenda chooni peke yake. Kuamua nani ajue ndicho kitu cha mwisho alichobaki nacho mkononi. Binti anaumia, namhurumia, lakini akimwita ndugu yake atakuwa anatibu maumivu yake mwenyewe kwa dawa ya mama yake. Na kijana ni mtu mzima. Atalia, atakasirika, ataelewa.

Msimamizi hakuwahi kunisifu tangu nije. Siku hiyo alisema, "Sasa unaanza kuwa mhudumu." Mwambie Mama maneno hayo kama yalivyo.

Halafu, mbona barua zake zimekuwa fupi hivi? Ya mwisho ilikuwa mistari michache na mwandiko umelala. Nimemuudhi? Kama ni kwa sababu sikuja sikukuu, mwambie hatukuruhusiwa.

Kasuku


30 Mei

Mwanangu,

Hujaniudhi. Mkono umekuwa mvivu. Na mimi najifunza kunyamaza, usidhani ni wewe tu.

Maneno ya msimamizi wako nimemwomba dada yako anisomee mara ya pili. Nayapenda.

Maliza.

Mama


24 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Najua umeondoka hapa umenikasirikia. Uliniuliza kaburini mbele ya watu, "Kijana yuko wapi?" na mimi nikatazama chini.

Bodi ni wiki ya pili ya Septemba. Mama alisema Septemba. Nimeshikilia siri yake akiwa hai, siwezi kuivunja sasa kwa kuwa hawezi kunisuta. Na hata ningemwita, angemkuta wapi? Acha kwanza apite. Akishapita nitamwambia mwenyewe, na nitakuomba unisaidie.

Siku ya mwisho, wakati wa kumchana, Mama alifumbua macho akasema, "Kasuku amefika?" Nikamwambia bado. Akafumba. Jioni akaondoka. Mama mdogo, neno lile "bado" linaniamsha. Sikumwelewa. Nilikuwa na simu mfukoni.

Mwanao


11 Septemba

Dada! Mama! Wote wawili, msome pamoja!

Nimepita! Ninaandika nimesimama, siwezi kukaa.

Walikuwa watano upande mmoja wa meza na mimi peke yangu upande wa pili, kiti changu kinayumba mguu mmoja. Waliniuliza kuhusu Baba, kwa nini niliondoka mara ile, na safari hii sikujitetea, nilisema tu ukweli kwamba nilimpenda. Halafu mwenyekiti akasema, "Tupe mfano wa siku ulipolinda siri ya mgonjwa hata pale ilipokuuma." Nikawasimulia habari za jirani yako. Jinsi binti alivyoniuliza kupitia kwako, jinsi nilivyomzuia asimwite ndugu yake, na kwa nini. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Aliniuliza, "Na huyo kijana, ukikutana naye utamwambia nini?" Nikajibu, "Nitamwambia mama yake alikuwa na haki hiyo." Wakatazamana, wakaniomba nitoke nje. Nilipoitwa tena, walikuwa wamesimama kunipa mkono.

Mama, sasa wapime watu viuno uwaambie. Wiki ijayo napata likizo, nakuja na cheti, nataka ukishike wewe kwanza kabla mtu yeyote hajakitia kidole.

Dada, jirani yako anaendeleaje? Kama bado yupo, mpe salamu zangu na umwambie amenisaidia kupita.

Kasuku wenu, mhudumu wa kiroho kamili


15 Septemba

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa mama mdogo akuletee kwa mkono, usiisome peke yako. Kama umesimama, kaa.

Hakuna jirani. Nyumba ya pili bado wanakaa walewale unaowajua. Mgonjwa alikuwa Mama. Binti ni mimi. Kijana ni wewe.

Alifariki katikati ya Agosti, nyumbani, kwenye kitanda chake. Tumemzika kando ya Baba. Aliugua tangu kabla hujaandika barua yako ya kwanza, alijua tangu Machi, na aliniapisha usijue mpaka umalize. Hakuteseka sana mwishoni, dawa zilimtuliza. Nilimchana kila siku. Kila ulichonifundisha nilikifanya, na alikufa akiwa na mtu wa kujua pamoja naye, kama ulivyosema.

Hongera ya cheti. Alikitaka kuliko wewe.

Nimelia sana, sina la kuongeza. Nakusubiri.

Dada yako


16 Septemba

Dada,

Mama mdogo amelala kitandani kwangu, mimi niko sakafuni na barua zako zote. Nimezisoma upya. Zote.

Mliniacha nisimame mbele ya watu wale nimtumie Mama yangu kama mfano. Nikasifiwa. Nikapewa mkono. Alikuwa ameshazikwa, dada, na mimi nawaambia mama yake alikuwa na haki hiyo. Na wewe nilikuandikia atalia, atakasirika, ataelewa.

Sielewi. Nimekaa kando ya vitanda vya mama za watu tangu Februari. Wa kwangu hata maji sikumpa.

Sitakuja likizo. Usiniandikie.


2 Oktoba

Mdogo wangu,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia.

Unadhani nilikuficha. Ndiyo, nilikuficha. Lakini soma tena ile ya Aprili. Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa njia pekee niliyobakiwa nayo, na nilikwambia nitafanya utakavyosema. Nilikuwa naomba kwa Mungu uandike, "Amwite." Ungeandika neno hilo moja, ningekupigia kabla sijaikunja barua. Jibu lako nililisomea bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa Mama asinisikie. Nilikutii. Sikumtii Mama peke yake, nilikutii na wewe, ulikuwa na sauti ya mtu anayejua.

Nimekasirika pia. Hilo hukulifikiria. Ulikuwa huko unasifiwa kwa kunyamaza, mimi huku nanyamaza kweli.

Na kuna kitu sijakwambia. Siku ya mwisho asubuhi alifumbua macho akaniuliza, "Kasuku amefika?" Nikasema bado. Hakusema tena kitu. Daktari ananiambia dawa zile huwafanya waweweseke. Nataka kumwamini. Lakini huenda alikuwa ameniruhusu nikuite na mimi sikusikia. Wewe ndiye uliyesomea. Niambie, alikuwa anaweweseka, au alikuwa anakuita?

Wazazi hawapo. Sina mwingine wa kumuuliza.

Dada yako


27 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, na kwa barua ile niliyoshindwa hata kuweka jina.

Nimeshaanza kazi. Nina kitambulisho shingoni, na mlinzi wa getini ananipigia saluti ya utani kila asubuhi. Nilitaka kuacha. Mama mdogo akaniambia nikiacha, Mama atakuwa amekufa bila mimi kwa bure. Unamjua kwa maneno yake.

Juzi mama mmoja wodi ya wanawake aliniambia maneno yaleyale: mwanangu asiambiwe, ana kazi mpya. Nikamwahidi. Nikakusanya karatasi zangu. Nilipotoka, mwanawe huyo hapo kwenye korido, ana mfuko wa machungwa, anakimbilia basi. Akaniuliza, "Mama anaendeleaje? Nilikuwa nafikiri nirudi mwisho wa mwezi."

Nikamwambia, "Ugonjwa wake siwezi kuuzungumzia. Lakini usiende. Rudi ndani ukae naye leo."

Alinitazama, akaweka machungwa chini, akarudi ndani. Siri ya mama yake sikuivunja, dada. Sikusema hata neno moja ambalo bodi ingenikosoa. Nilienda kujifungia chooni nikalia mpaka mfanya usafi akaja kugonga.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Usimwambie anaumwa nini, mwambie aje. Hilo ndilo ningekuandikia Mei, na sikuliandika kwa sababu sikulijua. Nilijua kanuni tu, nikaipenda kwa kuwa ilinipatia sifa. Uliniomba msaada ukiwa unazama, nikakusomea somo la darasani. Ungenitumia mstari mmoja, njoo, bila sababu yoyote, ningetupa kila kitu nikaja. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alikuapisha. Wewe huna kosa.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo tangu barua yako ifike. Ningeweza kukwambia aliweweseka, upate kulala. Ni rahisi, na daktari ameshanitangulia. Lakini uliniuliza kama dada, sitakujibu kama nilivyomjibu yule dereva wa malori siku ya kwanza.

Sijamwona, sikumsikia sauti, kwa hiyo sina uhakika, na hatutaupata kamwe. Ila namjua Mama. Mtu anayeweweseka hutaja watu waliokufa, humwita mama yake, humwita Baba. Yeye alimuulizia aliye hai, na akakuuliza wewe, kwa jina langu la nyumbani, na akasubiri jibu. Naamini alikuwa ananiita.

Ulimjibu bado, na ilikuwa kweli.

Jumamosi nakuja. Kama kitanda chake hujakitandua, kiache.

Mdogo wako